Hali ya kusoma haiokoi bando: vizuia matangazo ninavyovipendekeza, kwa mpangilio

Ramadhani iliyopita nilikuwa natengeneza mkate wa kumimina. Mchele nimeshausaga na tui, hamira imeshaanza kazi, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari nisome vipimo vya iliki. Kila nikiteremsha ukurasa maandishi yanaruka, kwa sababu juu yake limetua tangazo jingine. Mara ya tatu kidole chenye tui kikaangukia tangazo la kubeti, ukurasa mpya ukafunguka, na nilipofanikiwa kurudi, mapishi yalikuwa yameanza tena kutoka juu. Nyuma yangu mchanganyiko ulishafura na kumwagika mezani.

Usiku uleule nikalipia programu ya kusomea, mwezi mzima. Jina silitaji. Iliahidi kurasa safi, na kweli ukibonyeza kitufe chake yanabaki maandishi matupu kwenye karatasi ya rangi ya maziwa. Nikafurahi sana. Lakini bando langu la wiki, ambalo siku zote hunifikisha Jumapili, likakata Alhamisi. Wiki iliyofuata, Alhamisi tena.

Ndipo nikawasha kile kinamba cha kasi ya mtandao kinachokaa juu ya skrini karibu na saa. Nikafungua mapishi yaleyale, kinamba kikapanda. Nikabonyeza kitufe cha kusomea, matangazo yakatoweka machoni. Kinamba hakikushuka. Chini ya ile karatasi safi ukurasa wa zamani ulikuwa unaendelea kushusha picha na video zake kama kawaida, na mwenye kulipia ni mimi.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sipimi uzuri wa herufi wala rangi ya usiku. Hayo kila mtu ameshayaandika. Napima jambo moja: tangazo linazuiwa mlangoni, au linaingia ndani kwanza halafu linafunikwa shuka? Hali ya kusoma, karibu zote, ni shuka. Kivinjari, yaani programu unayofungulia tovuti, hupakua ukurasa, kisha hutafuta palipo na aya nyingi za maandishi na kukuonyesha hizo tu. Safari, kivinjari cha Apple, imekuwa na kitu hicho tangu 2010, Firefox ya kompyuta tangu 2015. Ni kitu kizuri kwa macho, mimi mwenyewe nakitumia kila siku. Kizuia matangazo ni kitu kingine kabisa. Chenyewe kina orodha ya anwani zinazotoa matangazo, na ukurasa ukiomba kitu kutoka anwani hizo, ombi halitoki kwenye simu yako. Kisichoombwa hakiji, na kisichokuja hakikatwi kwenye bando.

Namba moja, na wala sifichi mapenzi yangu, ni kivinjari cha Firefox kikiwa na kizuia matangazo kiitwacho uBlock Origin. Kwenye Android unashusha Firefox, unaingia kwenye menyu sehemu ya viendelezi (programu ndogo za kukiongezea kivinjari uwezo), unaongeza uBlock Origin, basi. Dakika mbili. Aliyeanzisha uBlock Origin ni Raymond Hill, mwaka 2014. Ni ya bure, hailipiwi wala haipokei michango ya watumiaji, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua. Ukibonyeza alama yake ya ngao unaona idadi ya maombi yaliyozuiwa kwenye ukurasa ulio mbele yako. Juu yake kuna kitufe kikubwa cha kuwasha na kuzima, nacho ni kwa tovuti ile tu uliyopo. Mimi nimeizima kwenye blogu mbili za mapishi ambazo matangazo yake yametulia pembeni na hayarukiruki, maana wale dada wanakula kutokana na kazi ile. Ukimaliza kuzuia, bonyeza alama ya kusoma ya Firefox ikitokea kwenye upau wa anwani. Hapo ndipo unapata vyote viwili: mlango umefungwa, na chumba kimefagiwa.

Angalieni jina, tafadhali. Liandikwe lote, uBlock Origin. Kuna kingine kinaitwa uBlock tupu, ambacho kina wenyewe wengine na hakihusiani na Hill. Mwaka 2020 kulikuwa na kizuia matangazo kiitwacho Nano Adblocker, watu wakikiamini, mwenyewe akakiuza, na wanunuzi wakakitia msimbo mbaya. Kiendelezi cha aina hii huona kila ukurasa unaoufungua, hata wa benki. Usipachike chochote kwa sababu tu kina nyota nyingi.

Namba mbili ni kivinjari cha Brave. Huhitaji kupachika chochote, kinazuia mlangoni tangu unapokifungua mara ya kwanza, kwenye Android, iPhone na kompyuta. Toleo la kompyuta lina kitu kiitwacho Speedreader, ambacho ndiyo hali ya kusoma pekee ninayoijua inayousafisha ukurasa kabla haujachorwa kwenye skrini. Kwa kigezo changu kingestahili namba moja. Kinachonirudisha nyuma ni zile picha za wadhamini ukifungua ukurasa mpya, na habari za sarafu za kidijitali. Vyote vinazimika kwenye mipangilio, ila sipendi kuanza kwa kuzimazima.

Wenye iPhone, mpangilio wenu ni tofauti. Firefox ya iPhone haipokei viendelezi, kwa hiyo ushauri wangu wa namba moja hauwafai. Bakini na Safari. Tangu 2015 iPhone inaruhusu vizuizi vya maudhui, na AdGuard, watengenezaji wa vizuia matangazo, wana toleo la bure linalofanya kazi hiyo vizuri. Siku hizi ipo pia uBlock Origin Lite, ndugu mdogo wa ile kubwa. Washa mojawapo, si zote mbili, kisha tumia Reader, ile hali ya kusoma ya Safari, juu yake.

Namba tatu ni AdGuard ya kulipia. Hii inafaa kama matangazo yanayokuudhi yako ndani ya programu nyingine na siyo kwenye kivinjari tu. Kama unasoma kwenye kivinjari peke yake, usitoe hela.

Vilivyobaki nitavipitia haraka. Kivinjari cha Opera Mini kinabana kurasa, na kizuia matangazo kimo ndani; kwa simu yenye nafasi ndogo, sawa. Android 9 kwenda juu ina DNS ya faragha (DNS ndiyo huitafutia simu anwani za tovuti): kwenye mipangilio andika dns.adguard-dns.com na matangazo mengi yatakwama, ila si ya YouTube. Chrome ya simu haipokei viendelezi, na ya kompyuta imeshaiondoa uBlock Origin ile kamili kufikia 2025 baada ya kubadilisha kanuni za viendelezi. Imebaki ile Lite. Adblock Plus, kizuia matangazo kingine, tangu 2011, huyapitisha matangazo inayoyaita yanayokubalika mpaka uende mwenyewe ukazime, na kampuni kubwa hulipia kupitishwa. Kizuizi chenye mlango wa pembeni mimi sikitaki.

Sasa niseme kinachoniuma. Kuna mafundi simu wanawatoza watu elfu kumi "kusafisha matangazo", na wanachofanya ni kupachika kitu cha bure kwa dakika mbili. Bora wangekuwa wanapachika kilicho sahihi! Jirani yangu alitoka dukani na programu inayomkata hela kila wiki baada ya siku tatu za majaribio, na hakuna aliyemwambia. Programu yenyewe ikawa inamwonyesha matangazo yake. Bando lenyewe tunalinunua kwa kujibana, lina siku yake ya kufa hata kama hujalimaliza, halafu nusu ya safari linambeba mtu usiyemjua na video yake ya viatu. Anayetangaza hakulipii hata senti. Ukitaka kufunga lile tangazo, alama yake ya kufungia ni ndogo kama punje ya ufuta, na wameifanya ndogo makusudi ukose.

Kabla hujalipa popote, fanya kama nilivyochelewa kufanya mimi. Washa kinamba cha kasi ya mtandao, fungua ukurasa mmoja unaoujua kwa matangazo, soma, kisha ufungue tena ukiwa na kizuizi. Au ingia kwenye matumizi ya data ya simu uone kivinjari kimekula kiasi gani kwa wiki mbili zinazofuatana.

Juzi nimemwekea shangazi Firefox na uBlock Origin. Yeye hasomi majina ya programu, anabonyeza mahali alipopazoea. Kwa hiyo nimeondoa kile kivinjari cha zamani pale chini kulia, nikaiweka Firefox palepale. Jana alinipigia kuuliza mbona magazeti ya siku hizi hayana picha za kurukaruka.