Kuvua matairi ya kiwandani na kuvalisha gari A/T (matairi ya njia zote): lipi lije kwanza, lipi liachwe dukani

Nilikuwa nimekwenda kilomita arobaini hivi kwenye mawe na kokoto, mwendo wa kawaida tu, gari likaanza kuyumba mkia. Kushuka, tairi la nyuma limekaa chini kabisa. Ubavuni pana mchaniko wa urefu wa kidole gumba, safi kama uliopitishwa wembe. Kashata zake, yale meno ya mpira yanayogusa barabara, zilikuwa bado nene, hata nusu hazijaliwa. Jioni fundi akaingiza ncha ya kalamu kwenye ule mchaniko, akaizungusha, akaniangalia kwa huruma. "Bosi, huku pembeni hatuweki kiraka. Hili limekwisha."

Kwa hasira nikaenda kununua tairi gumu kuliko yote yaliyokuwepo. Hilo nalo lilikuwa kosa, na nililiendesha miaka miwili. Gari tupu lilikuwa likirukaruka kama mkokoteni, usukani mzito, mafuta yanakwenda. Upangaji ulio hapa chini umetokana na makosa hayo mawili: kwenda na tairi laini mno, kisha kukimbilia gumu mno.

Je, unahitaji kubadilisha kweli?

SUV nyingi za 4x4 hutoka kiwandani na H/T, tairi la barabara kuu, au na A/T laini ambayo tofauti yake na H/T ni ndogo. Si kwamba kiwanda kimekupunja. Kinatafuta gari lisilopiga kelele, linalosimama haraka kwenye lami yenye maji na lisilokunywa sana, na kwa hayo H/T haina mpinzani.

Ukipanda A/T unatoa kitu ili upate kitu. Kashata za H/T jipya huwa na kina cha milimita 8 au 9. Za A/T nyingi huanzia 10 na kufika hata 13, tena zimeachana zaidi ili tope na mchanga vipate pa kupita. Kuachana huko ndiko kunakofanya mpira unaogusa lami uwe mchache, na kashata ndefu hujikunja unapokanyaga breki. Matokeo yake utayaona siku ya mvua: gari linasimama mbele kidogo ya pale ulipozoea. Na utaisikia ile sauti ya kuvuma, ambayo huzidi kadiri tairi linavyozeeka.

Kwa hiyo kama safari zako tisa kati ya kumi ni za lami, na hiyo ya kumi ni njia ya vumbi iliyochongwa vizuri, baki na H/T. Likiisha nunua H/T jingine zuri, tia upepo sahihi, endesha.

Soma ubavu kabla hujasoma jina

Watu wengi wakifika dukani huinama kutazama kashata. Mimi siku hizi naanza na maandishi ya ubavuni. Chukua mfano wa 265/65R17 112S, saizi iliyozoeleka sana kwenye magari haya. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo. 17 ni rimu, kwa inchi. 112 ni fahirisi ya mzigo, yaani tairi moja linabeba hadi kilo 1,120. S ni mwendo wa juu, kilomita 180 kwa saa.

Sasa tafuta kama mwanzoni kuna herufi LT. Hapo ndipo uamuzi mkubwa ulipo, kuliko hata jina la kampuni. LT ni ujenzi wa magari ya mzigo: nyuzi nyingi zaidi, mpira mnene, ubavu mgumu kuchanika. Huambatana na herufi ya daraja, C, D au E, na kadiri unavyokwenda mbele ndivyo tairi linavyohimili upepo na uzito mkubwa zaidi. LT la E lenye fahirisi ya 121 linabeba kilo 1,450. Lakini linaweza kulizidi la kawaida kwa kilo 4 hadi 6, na uzito huo uko kwenye gurudumu, mahali ambapo injini, breki na shokabzoba zote zinauhisi. Tena LT linahitaji upepo zaidi ili libebe mzigo uleule, kwa hiyo kibandiko cha mlangoni hakikutoshi. Tumia jedwali la aliyetengeneza tairi.

Kosa langu la pili lilikuwa hapo. Gari langu hubeba watu wanne na mabegi. Sikuhitaji kilo 1,450 kwa kila gurudumu.

Nafasi ya 1: A/T ya kati, ujenzi wa kawaida, saizi ya kiwandani au hatua moja juu

Hili ndilo ningemwambia ndugu yangu anunue bila kumuuliza maswali mengi. Kundi hili lina Toyo Open Country A/T III, Falken Wildpeak A/T3W na mdogo wake AT4W, Yokohama Geolandar A/T G015 na General Grabber AT3. Yote hupatikana katika saizi zisizo za LT, na mengi kati ya saizi hizo hubeba ile alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, inayomaanisha tairi limefaulu jaribio la kuvuta kwenye theluji. Herufi M+S (tope na theluji) peke yake haithibitishi jaribio lolote, hata kama muuzaji anaisoma kwa sauti kubwa.

Ndani ya kundi hili, Geolandar liko upande wa utulivu. Ukitoka kwenye H/T hutashtuka. Wildpeak na Open Country zina mabega yenye meno zaidi, na meno hayo husaidia tairi linapozama kidogo kwenye tope au linapobana ukingo wa mtaro wa gurudumu. Kama unaendesha sana lami na unataka tu uhakika unapoiacha, chukua la kwanza. Kama wikiendi zako ni za kukwama na kukwamuka, chukua moja kati ya hayo mawili.

Mchaniko je? Utauliza, na una haki. Tairi la kawaida linaweza kuchanika, ndiyo. Ila siku ile ya kokoto niligundua baadaye kuwa upepo wangu ulikuwa psi 40, kama wa kusafiri na mzigo mzima, na gari lilikuwa tupu. Tairi lililojaa hivyo halilali juu ya jiwe, linagongana nalo. Kupunguza upepo kama robo, na mwendo pia, kungeniepusha na fundi yule. Jambo hilo halihitaji tairi jipya.

Nafasi ya 2: A/T la LT, ubavu mgumu

Hapa anatawala BFGoodrich All-Terrain T/A, familia iliyoanza 1976 na ambayo sasa wengi wanaijua kama KO2, na mrithi wake KO3 aliyeingia sokoni 2024. Sifa yake ilijengwa kwenye mawe na mbio za jangwani, na ubavu wake kweli ni wa kuaminika. Goodyear na Cooper nazo wana A/T za LT katika kundi hilihili.

Nimeliweka la pili kwa sababu moja: mnunuzi wa kawaida analipa gharama yake kila siku na kuvuna faida yake mara mbili kwa mwaka. Lakini kuna watu ambao kwao hili ni la kwanza bila mjadala. Kama gari lako lina tangi la ziada, kibanda cha kulalia juu, bampa la chuma na winchi, uzito wake si ule uliotoka nao kiwandani. Kama unavuta trela. Kama njia yako ya kila wiki ni mawe yenye ncha na duka la tairi liko siku nzima mbali. Hapo toa hela, chukua LT, na ukiweza chukua daraja la C au D badala ya kurukia E. Herufi nyeupe za ubavuni uzielekeze nje au ndani, hapo sina neno.

Nafasi ya 3: R/T, mseto

R/T ni chotara wa A/T na tairi la tope, yaani M/T. Nitto Ridge Grappler ndilo lililowafanya wengi walijue kundi hili. Lina sura nzuri, tuseme ukweli, na wengi hulinunua kwa sura hiyo. Kwenye tope linaipita A/T, kwenye lami linavumilika. Tatizo langu nalo ni kwamba limekaa katikati: asiyeingia kwenye tope zito haoni faida, na anayeingia kila wiki bado atatamani M/T.

Nafasi ya mwisho: M/T

Kwa gari linalokupeleka kazini, usinunue. Kashata zake ziko mbalimbali kiasi kwamba kwenye lami yenye maji unaendesha kwa dua, na kwenye mchanga laini linachimba badala ya kuelea. Tope zito na mawe makubwa ndiyo makao yake.

Saizi: tamaa inapoanzia

Mtu akishaamua kubadilisha, huanza kusema "basi niongeze kidogo". Tupige hesabu. 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776. Ukipanda 265/70R17 unapata 803, ongezeko la asilimia 3.4. Gari linainuka milimita 13 tu, maana nusu ya ongezeko ndiyo inayokwenda chini ya ekseli. Spidimita ikisoma 100, mwendo halisi unakuwa karibu 103 na nusu. Na kwa kuwa spidimita nyingi hutoka kiwandani zikisoma juu kidogo, tofauti hii mara nyingi huisogeza karibu na ukweli. Magari mengi huimeza saizi hii bila kukwaruza popote.

285/70R17 ni habari nyingine. Kipenyo ni milimita 831, asilimia 7 juu. Spidimita inakudanganya kwa 7 ukiwa 100, gia ya juu inakuwa nzito mlimani, na tairi linaanza kula plastiki ya ndani ya madigadi. Muuzaji atakuonyesha gari likiwa limesimama, usukani umenyooka, na kweli halitagusa. Mwambie azungushe usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, kisha arudi nyuma hivyohivyo gurudumu moja likiwa limepanda kitu. Hapo ndipo utasikia.

Siku ya kufunga

Soma tarakimu nne za mwisho wa mstari wa ubavuni unaoanza na DOT, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Zikisomeka mwaka wa zamani sana, omba mengine, hata kama uso wake unang'aa. Watengenezaji kadhaa wakubwa wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi na liondolewe likifikisha kumi, hata kama kashata bado zipo.

Nunua matano, usinunue manne. Gari lenye 4x4 ya muda wote lina difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma, na mzingo wa tairi moja ukitofautiana na mengine, difu hiyo inazunguka bila kupumzika, hata barabara ikiwa imenyooka. Spea ya zamani chini ya gari ni sawa kwa kukufikisha kwa fundi, si kwa kumaliza nayo safari ya siku tatu. Ukishakuwa na matano, yazungushe yote kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na spea iingie kwenye zamu.

Mwombe fundi afanye balansi na alaimenti siku hiyohiyo. Tairi zito huonyesha haraka kosa ambalo H/T lilikuwa linalificha. Baada ya kilomita 50 hadi 100 simamisha gari, toa spana ya kupimia nguvu, kaza nati tena kwa kipimo cha kitabu cha gari. Mimi mara ya mwisho nilikuta mbili zimelegea robo mzunguko, gurudumu la mbele kulia, na sikuwa nimesikia chochote.