Uzoefu wangu na Zoom F8n Pro: kinasa sauti cha kazini na cha kukodisha

Natumia kinasa sauti cha Zoom F8n Pro katika kazi za kurekodi sauti za filamu na mahojiano nje ya studio, na siku ambazo sina kazi hukikodisha kwa mafundi sauti wengine na kwa timu ndogo za watengenezaji filamu. Tathmini nyingi za vinasa sauti huanzia na kuishia kwenye uzuri wa sauti. Kwa maoni yangu, mtu anayefanya kazi mbali na soketi ya ukutani, na zaidi yule anayekusudia kukabidhi kifaa chake mikononi mwa wengine, ana swali linalotangulia hilo: kifaa kinapokeaje umeme, na kinafanya nini pale umeme huo unapokatika? Kwa kipimo hicho F8n Pro kimenipa utulivu mkubwa kazini, ingawa kina mipaka yake ambayo nayo nitaieleza.

Kifaa hiki kilitolewa mwaka 2022 na kuchukua nafasi ya F8n ya mwaka 2018. Kina matundu manane ya kuingizia sauti yanayopokea plagi za XLR (za pini tatu, za maikrofoni) na za TRS (za jeki), kinarekodi traki kumi kwa pamoja, yaani nane za chaneli zenyewe na mbili za mchanganyiko wa stirio, na kina nafasi za kadi mbili za SD zinazoweza kuandikwa kwa wakati mmoja. Priampu zake, yaani sehemu zinazokuza sauti ya maikrofoni, ni tulivu kiasi kwamba katika mazungumzo ya kawaida mvumo unaosikika kwenye hedifoni huwa ni wa chumba au wa maikrofoni yenyewe.

Linalohitaji maelezo marefu kidogo ni kurekodi kwa biti 32 za floti, kwa kuwa ndilo jambo ambalo wateja wangu huliulizia kwanza na ndilo wanaloelewa vibaya zaidi. Kila chaneli ina vigeuzi viwili vinavyobadilisha sauti kuwa tarakimu, kimoja kikishughulikia sauti ndogo na kingine sauti kubwa, hivyo mwigizaji akinong'ona kisha akapiga kelele ghafla, faili halipasuki (sauti haiharibiki kwa kuzidi kiwango), na mhariri anaweza kushusha au kupandisha kiwango baadaye bila kuharibu kitu. Hata hivyo, msaada huo unaanzia pale sauti inapoingia ndani ya kinasa. Maikrofoni ndefu ya kuelekeza ya Sennheiser MKH 416, kwa mfano, ina kikomo cha desibeli 130, na ikizidiwa, sauti itakuwa imeshaharibika kabla haijapita kwenye waya. Vivyo hivyo kwa maikrofoni zisizo na waya: kiwango kikipangwa vibaya kwenye transmita iliyofungwa kiunoni mwa mwigizaji, mpasuko utafika kwenye kinasa ukiwa kamili, na biti 32 zitauhifadhi kwa uaminifu wote. Aidha, mafaili yanakuwa makubwa zaidi. Traki moja kwa kilohezi 48 na biti 24 huchukua takriban megabaiti 518 kwa saa, lakini kwa biti 32 huchukua takriban 691, kwa hiyo anayerekodi traki zote kumi ajiandae kwa karibu gigabaiti saba kila saa.

Sasa nije kwenye umeme. F8n Pro kina njia tatu za kupokea umeme: betri nane za ukubwa wa AA zinazokaa ndani yake, tundu la adapta ya volti 12, na tundu la Hirose (aina ya plagi ya umeme inayotumika sana kwenye vifaa vya sauti) lenye pini nne linalopokea umeme wa kati ya volti 9 na 18. Njia zote tatu zinaweza kuunganishwa kwa wakati mmoja, na kifaa huzipanga kwa kipaumbele, Hirose ikitangulia, adapta ikifuata na betri za AA zikiwa za akiba. Mtumiaji anaweza kueleza kwenye menyu aina ya betri na kiwango cha volti ambacho kikifikiwa kinasa kiiache njia moja na kuhamia inayofuata. Haya yanaonekana madogo kwenye orodha ya sifa za kifaa, lakini kazini ndiyo yanayoamua kama maneno ya mtu yatabaki au yatapotea.

Nililishuhudia hilo katika mahojiano na mzee mmoja aliyekuwa akisimulia habari ya msiba wa familia yake, simulizi ambayo hakuna mtu mwenye utu angemwomba airudie. Kinasa kilikuwa kwenye begi sakafuni, kikipata umeme kutoka betri kubwa iliyokuwa pembeni. Msaidizi wa kamera alisogeza mguu na waya wa Hirose ukachomoka. Nilichokiona ni alama ya chanzo cha umeme kwenye skrini ikibadilika na kuonyesha betri za ndani. Sekunde ziliendelea kuhesabika, taa ya kurekodi ikabaki nyekundu, na sauti ya mzee kwenye hedifoni haikukatika hata silabi moja. Nilirudisha waya kwa utaratibu bila mtu yeyote chumbani kujua. Tangu hapo kila anayekodi kifaa hiki kwangu hukipokea kikiwa na betri nane za AA zilizojaa ndani yake, hata akisema ana betri yake kubwa na hazihitaji.

Kuhusu betri kubwa, naona ni vyema kununua kwa kuhesabu wati-saa, kwa sababu namba za miliampia-saa hupotosha pale volti zinapotofautiana. Betri za lithiamu zinazotumiwa na mafundi sauti wengi ni za volti 14.4 na uwezo wa takriban wati-saa 98. Tuseme kinasa, risiva mbili za maikrofoni zisizo na waya na saa ya taimukodi (alama za muda za kuoanisha sauti na picha) kwa pamoja vinatumia wati 14: gawanya 98 kwa 14, utapata saa saba. Mimi hupunguza sehemu moja ya tano ya jibu kwa ajili ya uchakavu wa betri na upotevu kwenye nyaya, nikabaki na saa tano na nusu hivi ninazoweza kuziahidi. Betri nane za AA za kuchaji, zenye volti 1.2 na miliampia-saa 2,000 kila moja, zina jumla ya wati-saa 19 tu, na hizo zinatosha kama akiba, wala si chakula cha siku nzima. Maikrofoni nazo zina sehemu yao: umeme wa fantomu wa volti 48, ambao kinasa huupeleka kwenye maikrofoni kupitia waya wa sauti, unaruhusu hadi miliampia 10 kwa kila maikrofoni, yaani karibu nusu wati, ingawa MKH 416 hutumia miliampia 2 tu. Ni heri kuzima fantomu kwenye kila chaneli isiyoihitaji, hasa zile zinazopokea risiva, kwa kuwa baadhi ya risiva hazikutengenezwa kustahimili volti 48 kwenye tundu lao la kutolea sauti.

Betri za alkali siziweki kwenye vifaa vyangu kabisa. Volti yake hushuka kadiri inavyotumika, hushindwa mapema kwenye kifaa kinachovuta umeme mwingi, na ikisahaulika ndani huvuja. Transmita moja ilirudishwa kwangu na mteja ikiwa na unga mweupe uliogandamana kwenye springi ya upande wa hasi, na springi yenyewe ilikuwa imeliwa kiasi kwamba ilivunjika nilipoigusa na kijiti cha pamba. Betri za kuchaji za nikeli hushikilia volti yake karibu ile ile hadi zikaribie kuisha, na kinasa kikiambiwa kwenye menyu kwamba ni za aina hiyo, kipimo chake cha betri huonyesha ukweli. Anayesafiri kwa ndege akumbuke kwamba betri za lithiamu za akiba hazipakiwi kwenye mizigo ya chini, zinabebwa mkononi na ncha zake zikiwa zimefunikwa, na kwamba zinazozidi wati-saa 100 hadi 160 zinahitaji idhini ya shirika la ndege. Ndiyo sababu betri za wati-saa 98 zimeenea sana katika kazi hii.

Nyaya za Hirose zinastahili tahadhari ya pekee. Kwenye tundu la kifaa hiki pini ya 1 ni hasi na pini ya 4 ni chanya, lakini plagi zinafanana kwa umbo hata pale aliyeziunganisha ameziunganisha kivingine. Kila waya unaoingia kwenye begi langu hupimwa kwa malitimita (kipimo cha umeme) kabla haujagusa kifaa, kisha hufungwa utepe wa rangi kwenye shingo ya plagi. Mteja anayetaka kuleta waya wake namwomba auache tuupime pamoja. Wapo wanaokereka, lakini bodi ya kinasa iliyoungua haiwezi kutengenezwa jioni moja kabla ya siku ya kurekodi.

Katika kuchagua vifaa vya kukodisha nimejifunza kutazama vitu ambavyo mtu anayenunua kwa matumizi yake peke yake hawezi kuvipa uzito. Kifaa cha kukodisha kinapaswa kufahamika kwa watu wengi, vipuri vyake viwe vinapatikana, na mpangilio wake uweze kurejeshwa haraka. F8n Pro huhifadhi mipangilio yote kwenye kadi ya SD kama faili, hivyo kinaporudi kikiwa kimevurugwa, napakia faili langu na ndani ya muda mfupi majina ya traki, fremu kwa sekunde na fantomu vyote vimerudi mahali pake. Jambo la fremu si la kupuuzwa: kamera ikiwa kwenye fremu 23.976 na hesabu ya kinasa ikiwa kwenye 24, tofauti ya sehemu moja kwa elfu huwa sekunde 3.6 baada ya saa moja. Jenereta ya taimukodi iliyomo ndani ina usahihi wa sehemu 0.2 kwa milioni, yaani haipotei zaidi ya takriban nusu fremu kwa saa 24. Hata hivyo usahihi huo hauna faida kama pande mbili hazikukubaliana mwanzoni, na kwa hiyo fomu yangu ya makabidhiano ina mstari unaomtaka mteja aandike fremu za kamera yake kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa maikrofoni, MKH 416 ndiyo ninayoikodisha zaidi ya zote, kwa sababu inajulikana kila mahali na kwa sababu muundo wake unaotumia masafa ya redio ndani ya kapsuli unaistahimilisha kwenye unyevunyevu ambao hufanya maikrofoni nyingine za kondensa zianze kuchakacha. Maikrofoni zisizo na waya ninazikodisha kwa uangalifu zaidi. Ruhusa za masafa hutofautiana nchi na nchi na hubadilika. Nchini Marekani, kwa mfano, sehemu kubwa ya masafa ya 600 MHz ilifungwa kwa maikrofoni tangu Julai 13, 2020, na seti za masafa hayo huweza kuuzwa mitumba mbali na huko zikionekana nafuu. Anayenunua seti ya namna hiyo ili aikodishe aulize kwanza mamlaka ya mawasiliano ya mahali itakapotumika, maana mteja atakayekumbana na tatizo hatamlaumu aliyemuuzia.

Hasara za kukodisha mara nyingi haziko kwenye kinasa chenyewe. Vinavyopotea ni vibanio vya maikrofoni za kifuani, antena, sponji za upepo, adapta ndogo na kadi. Kila kitu kwenye begi langu kina nafasi yake iliyokatwa kwenye sponji, na orodha yenye namba za usajili huambatana na picha zinazopigwa mbele ya mteja wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Dhamana huirudisha baada ya kupima kila chaneli kwa maikrofoni na fantomu, kutikisa kila waya nikisikiliza, na kukagua vyumba vya betri kwa tochi. Bima na thamani ya kununua kifaa kipya huandikwa kwenye mkataba, pamoja na sharti la kutomkodishia mtu wa tatu. Kwa kukodi kwa muda mrefu nafuata mtindo uliozoeleka kwa wakodishaji wengi, wa kutoza wiki nzima kama siku tatu au nne, na naona ni wa haki kwa pande zote, kwa kuwa kifaa hukaa na mtu mmoja na mimi huepuka usumbufu wa makabidhiano ya kila siku.

Kadi mbili za SD zimeniondolea ugomvi mwingine. Mteja huondoka na moja, nyingine hubaki kwenye kifaa mpaka athibitishe kwa maandishi kwamba mafaili yamenakiliwa na kufunguka, ndipo naifuta mbele yake au kwa idhini yake. Sauti za watu ni mali yao na siri yao, na mkodishaji hana sababu ya kuendelea kukaa nazo.

Upungufu mkubwa wa F8n Pro ni vitufe vyake vya kuzungusha, ambavyo ni vidogo na vimekaribiana, hivyo anayechanganya sauti moja kwa moja wakati waigizaji wanazungumza atapata tabu kuvishika kwa usahihi ndani ya begi. Mfululizo huu una kidhibiti cha nje cha FRC-8 chenye slaidi, lakini hicho huongeza uzito na ni mdomo mwingine wa kulishwa umeme. Kwa fundi ambaye kazi yake kubwa ni kutoa mchanganyiko uliokamilika papo hapo, ningemshauri atafute kinasa chenye vitufe vikubwa zaidi hata kama chaneli zitapungua. Kwa anayerekodi kila maikrofoni kwenye traki yake na kumwachia mhariri kazi ya kuchanganya, na kwa anayetaka kifaa kitakachotoka nyumbani na mgeni kisha kirudi kikiwa na kazi salama ndani yake, nakipendekeza bila kusita, kwa sharti kwamba bajeti ya betri, chaja na nyaya itengwe siku ile ile kinaponunuliwa.