Adapta ya USB ya kuokolea patisheni: angalia sekta kabla hujatoa hela

Adapta ya kwanza niliyonunua kwa ajili ya kuokoa diski nusura iniulie diski yenyewe. Kompyuta ya mezani ilikufa, nikachomoa diski yake ya TB 4 yenye picha zote za mama, nikaichomeka kwenye laptopu ya Linux kwa adapta mpya. Amri ya lsblk, inayoorodhesha diski, ikaonyesha diski haina patisheni (sehemu ambazo diski imegawanywa) hata moja. fdisk, amri ya kuangalia patisheni, ikatoa kitu kimoja tu cha aina `ee` (alama ya GPT, jedwali la kisasa linaloonyesha patisheni zilipo), ukubwa 16T, kwenye diski ya TB 4 jamani. Nikawasha TestDisk, programu ya kutafuta patisheni zilizopotea, ikasaka usiku kucha, asubuhi patisheni zimejipanga kwenye nafasi ambazo hazieleweki, na mimi kidole kiko tayari kubonyeza Write, yaani kuandika jedwali jipya kwenye diski.

Nikasita. Nikaazima kompyuta ya jirani, nikachomeka diski moja kwa moja kwenye SATA ya mazabodi, patisheni zote tatu hizo hapo, nzima kabisa. Hakuna kilichopotea. Adapta ndo ilikuwa inasema uongo: `fdisk -l` kupitia USB ilionyesha sekta (vipande vidogo vya diski, kwa baiti) 4096 / 4096, kwenye mazabodi 512 / 4096. Namba ya kwanza ni ukubwa ambao kompyuta inaambiwa, ya pili ni wa diski yenyewe.

Sasa ntakwambia kwa nini hili ndo la kwanza kuangalia, kabla ya kasi, kabla ya rangi ya kasha. Kichwa cha GPT kinakaa sekta ya pili. Sekta ikiwa baiti 512, kichwa kiko baiti ya 512. Adapta ikidai sekta ni 4096, Linux inaenda kukitafuta baiti ya 4096, pale inakuta sifuri tupu, inakwambia hakuna kitu. Na ukiandika jedwali jipya hapo ukidhani unarekebisha, ndo unaanza kuharibu kweli. Kuna maana walifanya hivi zamani, ilikuwa njia ya MBR, jedwali la zamani la patisheni, kuvuka TB 2 kwenye Windows XP, ila leo nani anaihitaji?

Jipime mwenyewe (badala ya sdb weka jina la diski yako):

`sudo dd if=/dev/sdb bs=512 count=9 | hexdump -C | grep "EFI PART"`

Mstari ukianza na 00000200, diski iligawanywa kwa sekta za 512. Ukianza na 00001000, ni 4096. Linganisha na anachosema fdisk, zikitofautiana usiguse kitu chochote, tafuta adapta nyingine.

Namba moja kwangu si adapta, ni waya wa SATA kwenye mazabodi. Kama una kompyuta ya mezani popote pale, anza hapo.

Namba mbili, na hapa napendelea waziwazi, ni adapta yenye chipu ya ASMedia, ASM1153E au ASM225CM, na iwe na umeme wake wa volti 12 maana diski ya inchi 3.5 haiwaki kwa USB peke yake. Nilizoshika mimi zinapitisha 512 kama ilivyo, na `smartctl -d sat -a` inasoma afya ya diski bila kuhangaika, hiyo ni muhimu kwa sababu diski ikianza kuonyesha sekta mbovu unaikopi kwanza kwa ddrescue (programu ya kukopi diski mbovu) ndo unarudi kwenye mambo ya patisheni. Kimbia ASM1051 ya zamani, inasumbua na UAS (njia ya kasi ya kupitisha data ya diski kwenye USB) kwenye Linux. Bado pima hata hiyo nzuri, famuwea ya aliyeunda kasha inaweza kubadilisha mambo.

Tatu, doki za diski mbili. Nzuri, ila ile batani ya kukopi bila kompyuta inanitia hofu, ukigeuza chanzo na lengo umefuta diski yako na hakuna anayekuuliza mara mbili.

Waya wa bei chee kabisa kwa SSD ndogo, sawa. Kwa kuokoa data, hapana.

Kinachonikera ni wauzaji. Wanaandika 6Gb/s, wanaandika inakubali TB 16, chipu hawaandiki. Nilimuuliza wangu adapta inatoa sekta za ukubwa gani, akanijibu diski yangu imekufa niifomati. Yani angenifutia picha za mama yangu kwa sentensi moja! Na unaweza kununua ileile mara mbili, picha ileile, ndani chipu tofauti. Kwa hiyo ikifika tu endesha `lsusb`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, ASMedia kwa kawaida inajitambulisha kwa 174c, ukikuta kitu kingine na uliahidiwa hiyo, rudisha siku hiyohiyo.

Kama umeshanunua ya 4096 na diski yako ni ya 512, usiitupe, jaribu hivi kwa kusoma tu:

`sudo losetup -r -P -b 512 -f --show /dev/sdb`

Patisheni zikitokea chini ya loop (diski ya kuigiza ambayo amri hiyo inaitengeneza), maunti kwa `ro`, yaani kusoma tu, na anza kukopi faili zako.