Tahadhari: «mteja» wa oda kubwa anayechukua michoro ya batiki na kuirudisha sokoni ikiwa bandia

Nawaandikia wachora batiki wenzangu wa Bagamoyo, pamoja na wanunuzi wa kazi zetu, kuhusu mfanyabiashara ambaye mwezi Machi alifika kwenye banda langu akijitambulisha kuwa wakala wa duka moja la Dar es Salaam, akaahidi oda ya vitambaa 60, kisha akaomba vipande vitatu vya mfano na picha za michoro yangu yote ili bosi wake achague. Hakuomba apunguziwe hata shilingi moja, na hilo peke yake lilipaswa kunishtua. Tangu siku hiyo simu yake haipatikani.

Mwezi Juni niliikuta michoro hiyo ikiuzwa karibu na Mji Mkongwe, imechapwa kwa mashine juu ya poliesta, na pembeni imeshonewa lebo yenye jina langu la biashara. Jahazi ni lilelile, hata foromali, ule mti unaoshika tanga, niliyoikosea kuchora imo.

Mnunuzi asiangalie lebo, bali ageuze kitambaa. Katika batiki ya nta rangi hupenya pande zote mbili, na mistari myembamba inayotokea nta inapopasuka haifanani popote, ilhali kitambaa cha mashine mara nyingi hufifia nyuma, na «mpasuko» uleule hujirudia kila baada ya nafasi ileile. Ukichomoa uzi mmoja na kuuchoma, pamba huacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua. Poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga.

Kwa sheria za Tanzania Bara, hakimiliki ya mchoro huanza unapochorwa, hata kabla ya kusajiliwa, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Hata hivyo anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha, na hapo ndipo daftari la michoro lenye tarehe, pamoja na usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, vinaposaidia. Wazo la kuchora jahazi si langu, kwa kuwa jahazi ni la pwani nzima. Changu ni namna nilivyolichora. Jina la biashara lina njia yake: husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara, kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Mimi sikulisajili, kwa uzembe wangu mwenyewe, hivyo malalamiko yangu yana nguvu kwa mchoro na ni mepesi kwa jina. Bidhaa bandia zenye alama iliyosajiliwa huripotiwa Tume ya Ushindani.

Wiki iliyopita dada mmoja mbunifu wa kanga, wa Ngamiani, Tanga, amenieleza kwamba mtu wa sifa hizohizo amempitia akitaka picha za miji (michoro ya katikati ya kanga) na pindo zake, kwa madai ya oda ya doti 200. Hakumpa kitu. Atakayeombwa vivyo hivyo adai kwanza malipo ya awali na makubaliano yenye saini, na picha atakazotuma ziwe ndogo, zenye jina lake katikati ya mchoro, si pembeni panapokatika kirahisi.