Tathmini: Huduma ya kuchenjua marudio ya dhahabu kwa sianidi mkoani Geita

Wachimbaji wadogo wengi wa Geita wanajua kwamba sehemu kubwa ya dhahabu waliyoitoa chini ya ardhi bado imelala kwenye marundo ya marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuoshwa, yanayozunguka karasha, mashine ya kusaga mawe. Zebaki inayotumika mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga huo, hushika chembe kubwa na kuiacha ile dhahabu laini, pamoja na ile iliyofungwa ndani ya punje za mwamba, kiasi kwamba kwa mawe mengi haikamati hata asilimia 40 ya dhahabu iliyokuwamo. Huduma ninayoitathmini hapa ni ile ya kuyachenjua marudio hayo kwa sianidi, dawa yenye sumu inayoyeyusha dhahabu, katika matangi ya kukodi. Mteja analeta mchanga wake. Mwenye mtambo anatoa matangi, chokaa, sianidi, kaboni (mkaa unaonasa dhahabu iliyoyeyuka) na mafundi. Mwishoni dhahabu inagawanywa kwa mapatano. Kikundi chetu kimeitumia, na maoni yangu ni kwamba kemia yake inaaminika kabisa, ila faida ya mteja inaamuliwa na vipimo, na vipimo ndivyo vinavyofanywa kwa uzembe mkubwa zaidi.

Nianze na kemia, kwa sababu wapo wanaoiogopa kama jambo la kubahatisha. Njia ya kuyeyusha dhahabu kwa sianidi ilipewa hataza mwaka 1887 na John Stewart MacArthur pamoja na ndugu wawili, Robert na William Forrest, huko Glasgow, na haikupita miaka mingi ikawa inatumika Witwatersrand, Afrika Kusini. Kaboni ilichukua muda mrefu zaidi kutoka maabara hadi mgodini. Watafiti wa serikali ya Marekani walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 jinsi ya kuivua dhahabu kwenye kaboni bila kuichoma kaboni yenyewe, lakini mgodi mkubwa wa kwanza kuitegemea njia hiyo, Homestake wa Dakota Kusini, uliianza mwaka 1973. Tunachouziwa leo Geita ni toleo rahisi la kazi hiyo, lisilo na vinu vya kukoroga: mchanga unatandazwa ndani ya tangi la zege, maji ya sianidi yanapita katikati yake polepole, yanakusanywa chini, yanapitishwa kwenye mapipa ya kaboni na kurudishwa juu kwa pampu. Kwa kuwa hakuna kukoroga, dhahabu haitoki yote kama katika mitambo mikubwa, lakini gharama ya kujenga ni ndogo mno ukilinganisha.

Mafundi tuliowakuta walikuwa makini katika jambo ambalo ningelikagua kwanza kwa mtoa huduma yeyote, yaani chokaa. Waliichanganya na marudio yakiwa bado makavu, kabla ya tone lolote la sianidi, kisha wakapima maji yanayotoka chini ya tangi mpaka pH, kipimo cha uasidi wa maji ambacho kikishuka asidi imezidi, ilipotulia kati ya 10 na 11. Ikishuka hadi karibu na 9, sianidi huanza kugeuka gesi kwa wingi, na gesi hiyo inaua. Isitoshe, dawa inayopotea hewani ni ya kununua. Fundi mkuu alikuwa akichota maji kwa kopo dogo asubuhi na jioni, akipima pH na nguvu ya sianidi, na kuandika kwenye daftari lililoachwa wazi ili mteja asome. Daftari hilo lilinipa imani kuliko maelezo yote tuliyopewa ofisini.

Upande wa ilusheni, yaani kuivua dhahabu kwenye kaboni, nao ulikwenda vizuri. Kaboni, ambayo hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, ilitolewa kwenye mapipa mbele yetu, ikapimwa na kufungwa kwa lakiri kabla ya safari. Kwenye mtambo wa ilusheni hupikwa katika maji ya moto yenye kostiki soda na sianidi kidogo, dhahabu ikaachia na kwenda kunasa kwa umeme kwenye sufi ya chuma inayofanana na ile ya kusugulia sufuria. Tuliiona sufi ikitoka nyeusi na nzito, ikakaushwa na kuyeyushwa tukiwapo.

Kasoro kubwa ilikuwa mwanzoni kabisa, kwenye sampuli. Kiwango cha dhahabu kilichoandikwa kwenye mkataba kilitokana na viganja vichache vya mchanga vilivyochotwa ukingoni mwa rundo. Tuchukue mfano wa tangi la tani 40: kipimo kikikosea kwa gramu 1 kwa tani, ni gramu 40 za dhahabu ambazo mmoja wa wahusika anadhani zipo na hazipo, au zipo na hakuna anayezidai. Tulipogoma, rundo lilichimbwa vishimo kutoka juu hadi chini, mchanga ukachanganywa juu ya turubai, ukagawanywa robo kwa robo mpaka ukabaki wa kutosha mifuko mitatu: mmoja wetu, mmoja wa mtambo, na mmoja wa akiba kama ukitokea ubishi. Hilo lilipaswa kuwa utaratibu wa kila mteja bila kuombwa. Vilevile, marudio yaliyokwisha kuloweshwa hayakupimwa mpaka tulipodai, ilhali bila kipimo hicho hakuna anayeweza kujua mtambo umetoa asilimia ngapi.

Walio na shaka kama umakini wa namna hii una faida watazame Kasese, Uganda. Mgodi wa shaba wa Kilembe uliacha rundo kubwa la pairiti (madini ya chuma na salfa) yenye kobalti, ambalo mvua ililiosha kuelekea Ziwa George kwa miaka mingi. Taasisi ya jiolojia ya Ufaransa, BRGM, ilisomea bakteria wanaoivunja pairiti hiyo, ikawajaribu kwenye mabaki yenyewe ya Kilembe katika mtambo mdogo, na ndipo kiwanda kikajengwa na kuanza kazi mwaka 1999. Kilisimama kwa muda bei ya kobalti ilipoporomoka, lakini bakteria hawakushindwa na mabaki yale, kwa sababu kila rundo lina tabia zake na la Kilembe lilikuwa limeshajulikana.

Lipo jambo moja ambalo huduma hii bado haijalitendea haki. Marudio ya mwaloni yana zebaki, na sianidi huyeyusha zebaki pamoja na dhahabu na kuirahisishia kusafiri na maji. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania ni mwanachama, umeitaja kazi hiyo miongoni mwa zile mbaya zinazopaswa kukomeshwa, isipokuwa zebaki iondolewe kwanza. Mtambo tulioutumia ulikuwa na bwawa lenye turubai zito, lakini haukuwa na hatua yoyote ya kuondoa zebaki. Suluhisho la kweli ni kutoitumia tangu mwanzo, na ndilo linalofundishwa katika vituo vya mfano vya STAMICO, shirika la madini la taifa, vya Lwamgasa, Katente na Itumbi, ambako mwamba uliosagwa hupelekwa moja kwa moja kwenye sianidi na kaboni. Ninawashauri wenye vikundi wavitembelee kabla ya kutafuta matangi ya kukodi.

Kwa mwenye rundo kubwa lililokwisha kupimwa, huduma hii inafaa na ninaipendekeza. Mwenye viroba vichache asihangaike, maana usafiri na dawa vitamaliza faida, na mwenye marudio yaliyobaki karashani kwa mtu mwingine amalize kwanza suala la umiliki, kwa kuwa desturi ya maeneo mengi humpa mwenye karasha. Sisi tutarudi kiangazi, na tumeshataka mkataba mpya useme mambo matatu: sampuli ya pamoja yenye mfuko wa akiba, kipimo cha GST (taasisi ya jiolojia ya Tanzania) pale matokeo yatakapotofautiana, na kipimo cha mchanga unaotoka tangini kabla dhahabu haijagawanywa.