Darubini ya Kioo cha Milimita 130 kwa Kuitazama Mirihi: Tathmini Baada ya Misimu Mitatu

Niliinunua darubini hii Septemba 2020 kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba Mirihi ilikuwa inatukaribia. Tarehe 6 Oktoba mwaka ule sayari hiyo ilifika umbali wa kilomita milioni 62 hivi kutoka Dunia, na haitakuwa karibu kiasi hicho tena hadi mwaka 2035. Tangu hapo nimeitumia katika mikaribio miwili mingine, Desemba 2022 na Januari 2025, yote nikiwa uani kwangu Dodoma, na sasa naweza kueleza inachoweza na isichoweza.

Ni darubini fupi ya kuwekwa mezani, ya muundo aliouasisi Isaac Newton: mwanga huingia mdomoni mwa bomba, hukusanywa na kioo kikuu kilichoko chini, kisha kioo kidogo bapa huupeleka ubavuni, mahali ilipo lenzi ya kutazamia. Urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kioo kikuu hadi mahali mwanga unapokutana, ni milimita 650, na lenzi mbili zinazokuja nayo, ya milimita 25 na ya milimita 10, hukuza mara 26 na mara 65. Haina mota. Huisukuma kwa mkono juu ya kitako cha mbao, na kwa kuwa Dunia inazunguka bila kusita, ukikuza mara 130 kwa lenzi ya ziada sayari huvuka duara lote la kutazamia kwa dakika moja na nusu hivi, ukalazimika kuifuata. Kazi hiyo huzoeleka haraka.

Usiku wa kwanza nilidhani nimeuziwa kitu kibovu. Mirihi ilikuwa duara la rangi ya chungwa linalotetemeka kama sarafu chini ya maji, bila alama yoyote. Kosa halikuwa la darubini: kioo kilikuwa bado na joto la chumbani, na mimi nilikuwa nikitazama juu ya paa la bati lililokuwa likitoa joto la mchana kutwa. Nilipojifunza kuitoa nje dakika arobaini kabla, kuiweka mahali penye udongo na majani, na kusubiri hadi karibu na saa sita usiku sayari ilipokuwa juu kabisa, mambo yalibadilika. Doa jeusi lenye umbo la kabari kwenye uso wa Mirihi, liitwalo Syrtis Major, lilijitokeza kwa sekunde chache kila hewa ilipotulia, likafifia, likarudi. Jirani yangu, mama mtu mzima, alikaa kwenye lenzi kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, “Mwalimu, huku ukingoni kuna kitone cheupe, au ni macho yangu?” Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu barafu ya ncha ya kusini. Kwangu huo ndio ushahidi mkubwa kwamba kioo hiki ni kizuri.

Kuhusu ukubwa, mnunuzi asidanganyike. Kila Agosti husambaa ujumbe kwamba Mirihi itaonekana kubwa kama mwezi, uzushi uliozaliwa na mkaribio wa Agosti 2003, ilipofika kilomita milioni 55.76. Kwa jicho tupu Mirihi ni nukta siku zote. Katika mkaribio wa 2020 ulihitaji kukuza kama mara 80 ili ilingane na mwezi unavyoonekana kwa macho, na hata hapo macho yasiyozoea huiona ndogo. Kwa hiyo nashauri kwa dhati kuongeza lenzi ya milimita 5, inayokuza mara 130. Darubini za dukani zinazoahidi ukuzaji wa mara 500 ziache. Kioo cha kipenyo hiki kikipita mara 260 hakikupi kitu zaidi ya ukungu, na hewa ya hapa ni nadra kuniruhusu kupita mara 150.

Kasoro zake ni mbili. Kishikio cha lenzi, kinachorekebishwa kwa kuzungushwa kama parafujo, kililegea tangu mwanzo na kuitikisa picha, nikakitibu kwa mizunguko michache ya ule utepe mweupe wa mafundi bomba. Ya pili inatuhusu zaidi sisi wa karibu na ikweta: sayari inapopita karibu na utosi, yaani juu kabisa ya kichwa, kitako hiki huwa kigumu kuongoza, kwa maana kuisogeza kidogo tu hudai kukizungusha sana. Mwaka 2020 Mirihi ilipita karibu na utosi kila usiku, basi nilitazama zaidi saa moja na nusu kabla ya hapo au baada yake.

Misimu iliyofuata ilikuwa na uhaba. Januari 2025 Mirihi ilibaki kilomita milioni 96 mbali, duara lake likiwa pungufu kwa thuluthi moja kuliko la 2020, na mvua za Dodoma ziliniachia usiku chache sana; hata hivyo barafu ya ncha ya kaskazini ilionekana wazi.

Naipendekeza bila kusita, ila asiihukumu mtu kwa mkaribio wa Februari 2027, utakaokuwa wa kilomita milioni 101 na katikati ya mvua. Aitumie mwaka huo kujifunzia. Julai 2033 Mirihi itakuwa kilomita milioni 63 hivi, na Septemba 2035 itakaribia hadi milioni 57, mara zote mbili mbingu za kiangazi zikiwa wazi kwetu. Yangu naihifadhi kabatini ikiwa imefunikwa, na sijakipangusa kioo kwa kitambaa hata siku moja, maana nataka mwaka 2035 ukikute bado kinang'aa.