Bampa ya MGB yangu: kitambaa kimetoka na rangi ya chai

Nilijiapiza sitaandika nikiwa na hasira. Leo asubuhi nimepitisha kitambaa kwenye bampa ya nyuma, kikatoka na rangi ya chai. Basi naandika.

Gari ni MGB ya 1972, kigari cha michezo cha Kiingereza, ile isiyo na paa, ya bampa za chuma zilizopigwa kromu ya kung'aa. Wanaozijua watanielewa. Mwishoni mwa 1974 kiwanda chake cha Abingdon, Uingereza, kilianza kuzivalisha bampa za mpira mweusi ili kutii sheria za Marekani, na gari likanyanyuliwa juu kama linataka kuvuka mto. Mimi nilinunua hii kwa sababu ya kromu. Ukiniharibia bampa, umeniharibia gari.

Nikazipeleka gereji zipigwe kromu upya; zilipokwenda zilikuwa na madoa tu. Zikarudi zinawaka, nikajiangalia humo nikicheka peke yangu kama mtoto. Mvua mbili tatu, upele wa kutu ukaanza konani. Kromu ni utando mwembamba wa juu. Kinachozuia kutu hasa ni nikeli iliyo chini yake, na kabla ya nikeli hupigwa shaba ya kufukia vishimo. Nimekwangua kwa ukucha, ganda likabanduka, chini chuma kitupu. Shaba hata ya kusingiziwa!

Nikairudisha. Jamaa wa mapokezi macho kwenye simu. "Mzee, gari lina miaka hamsini, unataka bampa iwe mpya?" Ndiyo! Si ndicho nilicholipia? Nikamuuliza kama walipiga shaba. "Kila kitu kilifuatwa." Kilifuatwa na nani, hakusema. Akamwita kijana anionyeshe mlango, na mlango wenyewe nauona.

Sasa, nisiwe mnafiki. Gereji hiyohiyo ina fundi wa bodi, mtu wa maneno machache, aliyenitengenezea zile boksi za chini ya milango. Gari lisilo na paa nguvu yake iko pale. Ukikata ovyo linapinda katikati na milango haifungi tena. Yeye aliiacha milango mahali pake, akachomelea vyuma vya kushikilia nafasi, ndipo akakata. Tabaka zote tatu zimebadilishwa. Nimepitisha sumaku mbele hadi nyuma nikitafuta puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, kwa nia mbaya kabisa, sikuipata. Mlango nafunga kwa kidole kimoja.

Nilianza na nyota moja. Kwa huyu fundi nilishapandisha hadi nne, wallahi. Halafu nimekumbuka ile simu, na lile "mzee" lilivyotamkwa.

Nyota moja basi. Ukienda, ingilia mlango wa nyuma, muulize fundi wa bodi, na bampa zako zifungue mwenyewe uziache nyumbani. Yangu ya nyuma nimeshaifungua. Gari linatembea matako wazi.